Nusu Dumu, Kwenda na Kurudi

Mimi ni mtu wa hasira za karibu, sifichi. Wanafunzi wangu wa fizikia hapa Endagikot wanalijua hilo kuliko wanavyojua kanuni za mwendo. Lakini kuna kumbukumbu moja ikinijia nalegea kabisa, nasimama mbele ya ubao na chaki mkononi mpaka darasa linaanza kucheka. Ni ule mteremko wa njia ya Haydom, gari la baba likishuka huku injini imezimwa.

Baba yangu alikuwa dereva. Gari lake lilikuwa la kijani, la mraba, gari la kazi hasa, na alilinunua likiwa tayari limezeeka, kabla mimi sijazaliwa. Kazi yake kubwa ilikuwa kupeleka wagonjwa kutoka kwetu Masieda hadi hospitali ya Haydom. Barabara ilipofika ukingoni, pale inapoanza kuinamia bondeni, alikuwa anatia nyutro, anageuza ufunguo, na gari linateremka lenyewe. Watu wazima walisema anaokoa mafuta. Mimi sikujua mafuta yanaokolewaje. Nilichojua ni kwamba kelele zote za dunia zilikatika kwa mara moja, ukabaki upepo dirishani na kokoto chini ya matairi.

Na hapo hakuna aliyezungumza. Hilo lilikuwa kama sheria ndani ya gari, ingawa sijawahi kumsikia mtu akiitamka. Hata mgonjwa aliyekuwa anaugulia tangu nyumbani alinyamaza. Akiwepo mzee nyuma, alianza yale maombi yetu ya zamani, marefu, yanayoomba mvua na uzao na njia iliyonyooka, na wengine waliitikia kwa mguno mmoja wa chini, mmm, mmm, kila mstari. Asubuhi ya masika bonde lote lilikuwa limejaa ukungu, na mbali sana kichwa cha mlima Hanang kilitokeza peke yake, bila mwili. Mimi nilikuwa kwenye mapaja ya mama, kiti cha mbele. Nilisinzia, nikaamka, nikasinzia tena, na mpaka nafika darasa la tatu niliamini kabisa kwamba gari letu linapaa.

Jamani, raha ile! Nimepanda ndege mara moja maishani, kwenda kwenye semina ya walimu. Haikufika hata nusu.

Geji ya mafuta ya gari hilo ilikufa zamani, na baba hakuisikitikia. Alikuwa na ufito wa mzeituni, mwembamba, aliouchonga alama kwa kisu. Aliuzamisha kwenye tangi, akautoa, akautazama ulipolowana. Alama moja ilikuwa Dongobesh. Nyingine Haydom. Nyingine Haydom na kurudi, na ile ya juu kabisa ilikuwa Katesh. Lita hakuzijua wala hakutaka kuzijua. Ukimuuliza gari linakula kiasi gani, alijibu, "Linakula Haydom na linabakiza."

Basi, tukaishi hivyo miaka mingi. Mama akatangulia mbele ya haki, mimi nikasoma, nikawa mwalimu, baba akabaki Masieda na gari lake.

Halafu miaka hii ya karibuni kukaja ule mjadala redioni. Bungeni walikuwa wanabishana kuhusu magari yanayokunywa mafuta kupita kiasi. Mmoja alitaka kiwekwe kiwango, gari lisilofika kiwango lisiingie nchini, na lililokwisha kuingia litozwe zaidi. Mwingine akaruka juu: mnataka kutuua sisi wa vijijini, gari dogo masika litapita wapi? Wa tatu akasema mafuta yote haya tunaagiza nje, tutaagiza mpaka lini? Makofi, vicheko, spika anaomba utulivu. Jumamosi nilipokwenda nyumbani nilimkuta baba ameiweka redio juu ya boneti, ameketi kwenye kigoda, anaibishia.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Msikilize huyu mpumbavu. Anasema gari la zamani ni mzigo. Huyu amewahi kubeba mgonjwa?"

Nilicheka. Sikuwaza kwamba jambo la bungeni lingeweza kutembea mpaka uani kwetu. Lakini lilitembea.

Kijijini tulikuwa na kamati ya wagonjwa. Kila kaya ilitoa debe la mahindi baada ya mavuno, na mahindi hayo ndiyo yaliyogeuzwa mafuta ya safari za Haydom mwaka mzima. Mwaka uliotangulia mahindi yalikwisha kabla ya masika. Watu wawili wakabebwa kwa machela kwa miguu, na mmoja wao, mama wa watoto wanne, alifia njiani. Hakuna aliyemlaumu baba mbele yake. Ila maneno yalikuwepo, yakizunguka kwenye vilabu na baada ya ibada: gari la mzee linakunywa kama ng'ombe wa kiangazi.

Ndipo akajitokeza mfanyabiashara mmoja wa Dongobesh, Mwislamu, mtu wa vitenge na sabuni, aliyekuwa anakuja kwetu kila siku ya mnada. Alikuwa na gari dogo la rangi ya fedha. Akaiambia kamati, "Mimi nitawabeba wagonjwa wenu kwa mafuta nusu ya hayo. Mnipe mafuta tu, sitaki kingine." Hakuwa mtu mbaya. Alimpenda baba, na kila alipomwona alimtania: "Mzee wangu, hilo lako si gari, ni kiwanda." Baba naye akamjibu, "Na hilo lako likikutana na tope litaketi kama bata."

Kijiji kikagawanyika kama bunge lenyewe. Wenye kuzeeka na gari la baba huku, wenye uchungu wa machela kule. Mwenyekiti wa kamati, mama mmoja mkavu asiyependa maneno mengi, akasema, "Kama wao wanaweka kiwango, na sisi tuweke cha kwetu." Wakakubaliana: nusu dumu, kwenda Haydom na kurudi, na abiria wanne. Gari litakalozidi nusu dumu halitabeba tena wagonjwa wa kijiji. Yote mawili yakipita, mzee anabaki na kazi yake, maana alikuwepo kwanza.

"Nani atapima?" mtu akauliza.

"Si tuna mwalimu wa fizikia?"

Loo! Nikasema mimi siwezi, huyu ni baba yangu. Mwenyekiti akanitazama. "Ndiyo maana. Ukimpendelea, tutajua. Ukimwonea, tutajua pia." Wakacheka wote, na baba akacheka kuliko wote. Alikuwa na uhakika. Alisema ufito wake umeshapima safari hiyo mara elfu. Mimi nikakataa ufito, nikawaeleza njia yangu: tunajaza tangi mpaka mdomoni, tunakwenda, tunarudi, tunajaza tena mpaka mdomoni kwa dumu lililojaa. Kilichopungua kwenye dumu ndicho gari lilichokunywa. Baba akanishika bega. "Umesoma, mama," akasema, kama anavyoniita mimi binti yake tangu utotoni, na nilijisikia vizuri mno.

Gari dogo lilipimwa kwanza, siku moja kavu. Halikufika hata robo dumu. Watu wakaguna.

Siku ya baba mvua ilikuwa imenyesha usiku wote. Aliamka mapema, akanyoa ndevu, akavaa koti lake la kanisani. Nilipomwamkia aliitikia huku akifuta vioo, na niliona jinsi alivyopanda kwenye usukani: alinyanyua mguu wa kulia kwa mkono, akauweka ndani. Nikasema moyoni ni baridi.

Nyuma walikaa mwenyekiti na wazee wawili. Mimi nilikaa mbele. Tukaondoka taratibu, baba akibadilisha gia mapema mapema, akiliendesha gari kama mtu anayebeba maziwa kwenye kibuyu kisicho na kifuniko. Tulipita mashamba ya ngano na shayiri, nyumba zikitoa moshi paani, wanawake wanaokwenda kisimani wakasimama wakatupungia kwa sababu kila mtu alijua tunafanya nini. Nilikuwa na furaha ya kitoto. Nilitaka baba ashinde, nisiseme uongo. Mpimaji hatakiwi kutaka chochote, lakini mimi nilitaka.

Tukafika ukingoni. Bonde lilikuwa halipo. Ni ukungu tu, mweupe, umetulia, na kichwa cha Hanang kule mbali kama siku zote. Baba akatia nyutro, akageuza ufunguo.

Na kimya kikaja.

Nawaambieni ukweli, nilisahau umri wangu. Upepo, kokoto, mzee mmoja nyuma akaanza, na mwenzake na mwenyekiti wakaitikia, mmm, mmm. Nilifumba macho. Nilisikia mapaja ya mama chini yangu, na kitenge chake, na yule mtoto aliyeamini gari linapaa alikuwa bado yupo, hakuwa amekwenda popote. Tulizama kwenye ukungu. Mwanga ukawa wa maziwa. Sijui tulishuka muda gani hivyo, inawezekana dakika mbili, lakini nilitamani zisiishe.

Kilichonifumbua macho ni fizikia, mtanisamehe. Nilihisi mwendo umezidi.

Breki za gari lile husaidiwa na pumzi ya injini. Injini ikizimwa, inabaki pumzi ya kukanyaga mara mbili, tatu. Baada ya hapo ni mguu wa dereva peke yake. Nimelifundisha darasani. Wakati wa utoto wangu mguu wa baba ulikuwa mguu wa mtu anayelima robo ekari kwa jembe la mkono kabla ya chai. Sasa nilitazama chini nikauona mguu ule ukiwa juu ya breki unatetemeka. Suruali yote ilikuwa inatikisika.

"Baba," nikasema kwa sauti ya chini, "washa gari."

Hakujibu. Kwetu mtoto hamwamuru baba yake, tena mbele ya wazee, tena kwenye kimya kile. Nyuma maombi yaliendelea.

"Baba, washa."

Akatikisa kichwa kidogo. Alikuwa anaiwaza nusu dumu.

Ndipo ng'ombe wakatokea. Mwanamke mmoja alikuwa anawaswaga kuvuka barabara, ndani ya ukungu, na kwanza tuliona pembe tu. Baba akakanyaga. Gari halikusikia. Akatoa mkono wa kushoto kwenye gia, akauweka juu ya goti lake mwenyewe, akalisukuma goti chini kwa nguvu zake zote. Baba yangu, analisukuma goti lake kwa mkono ili gari lisimame! Sikufikiri. Handibreki ilikuwa kati yetu, chini, kitenge changu kimeifunika. Niliishika kwa mikono miwili chini ya kitenge nikaivuta mpaka mabega yakalia.

Gari likayumba, likaburuzika, likasimama. Ng'ombe mmoja akapumua kwenye kioo cha mbele, kioo kikaingia ukungu.

"Ameen!" akasema mzee nyuma. "Dereva ni huyu! Mnaona?"

"Mungu ni mwema," mwenyekiti akasema. Hawakuwa wameona kitu. Walimwona baba amesimamisha gari kama alivyolisimamisha siku zote. Baba alikuwa anatazama mbele, jasho linamtiririka shingoni. Akawasha injini. Mpaka Haydom hatukusemezana neno, na kurudi hivyo hivyo.

Jioni, uani kwetu, mbele ya nusu ya kijiji, nilimimina mafuta kwenye tangi polepole, nimeliinua dumu macho yawe sawa na alama. Tangi likajaa mpaka mdomoni. Kwenye dumu alama ya nusu ilikuwa chini ya mafuta yaliyobaki, kwa upana wa kidole kimoja. Alikuwa ameshinda. Kidole kimoja!

Vigelegele vikaanza. Mfanyabiashara wa Dongobesh alikuwa wa kwanza kumpa baba mkono. "Mzee wangu, kiwanda kimepita," akasema, na alifurahi kweli. Mwenyekiti akaniambia, "Haya mwalimu, tangaza tuandike."

Nilibaki nimeshika dumu. Nilimtazama baba ameketi kwenye kigoda, koti la kanisani limelowa mgongoni, anatabasamu kwa watu. Nilimwona mgonjwa wa wiki ijayo amelala nyuma ya gari lile, na ukungu, na goti.

"Haijapita," nikasema.

Kimya. Safari hii hakikuwa kitamu.

"Injini ilizimwa mteremkoni," nikaendelea, na sauti yangu ikatoka kali kama ya darasani, ndivyo nilivyo nikiogopa. "Tulichopima si gari, ni mlima. Gari likizimwa, breki zinakosa nguvu. Hilo ni la magari yote, si la dereva. Kiwango lazima kiwe gari linawaka njia nzima. Irudiwe."

Wee! Walinishambulia kama nyuki. Mbona siku zote anazima? Hujui huo ndio ufundi wake? Mzee mmoja akauliza, "Wewe, huyu si baba yako?" Hata mfanyabiashara akanivuta pembeni: "Mwalimu, muache mzee. Mimi nina duka, sifi njaa." Nikamwambia aninyamazie. Nilikuwa nalia tayari na sikutaka aone.

Baba akasimama. Akaenda kwa mwenyekiti, akautoa ufunguo mfukoni, akautazama, akaurudisha mfukoni. "Hakuna kurudia," akasema. "Bebeni kwa hilo dogo." Akaingia ndani, akafunga mlango.

Toka siku hiyo nilimwamkia baba yangu Jumamosi saba, na Jumamosi saba hakuitikia. Anayetoka kwetu anajua uzito wake. Marahaba ni neno dogo, mtu humpa hata mlevi aliyekutana naye njiani. Mimi nilisimama mlangoni na sukari yangu na majani ya chai, nikasema shikamoo baba, na baba akaendelea kuchonga mpini wa jembe. Niliacha vitu mezani, nikarudi Endagikot, nikawafokea watoto wa watu kwa makosa madogo.

Na msiniambie nilikuwa na haki. Masika yalipokolea gari dogo liliketi kwenye tope kama bata kweli, mara mbili, na mara ya pili ndani alikuwemo mjamzito. Walilisukuma saa nzima. Alijifungua salama, lakini mama yake alinikuta mnadani akaniambia, "Lile gari la kijani lingepita." Mahindi ya kamati, kwa upande mwingine, yalikuwa bado yamejaa ghalani. Huko bungeni nao waliendelea kubishana, na kila nilipowasikia redioni niliizima, nilikuwa nimeshiba viwango.

Jumamosi ya nane nilikuta baba ameketi nje, gari limefunikwa turubai. Nilisema shikamoo nikiwa nimeshageuka nusu, maana nilishazoea.

"Siku ile," akasema.

Nikasimama.

"Siku ile ya ng'ombe. Ulikuwa umekaa karibu yangu." Alikuwa anatazama mikono yake. "Uliwaambia habari za injini. Ukawaambia na habari za breki, kwamba ni za magari yote. Kuna jambo hukuwaambia."

"Lipi, baba?"

"Nani alilisimamisha gari?"

Mimi ni mwalimu. Kwa miaka kumi na mitano nimewachapa maneno watoto wanaoandika jibu wasiloliona kwenye mzani. Nilimtazama yule mzee, goti lake la kulia limenyooshwa mbele yake kama kitu cha kuazima.

"Ni wewe, baba," nikasema. "Ulikanyaga, likasimama."

Alinitazama. Midomo ikaanza kumcheza.

"Mwongo mkubwa wewe," akasema, na machozi yakamtoka. Akanishika mkono akanivuta nikae naye kwenye kile kigoda kimoja, tukabanana. Kiganja chake kilinukia sabuni tu, hakuna dizeli, na tangu nizaliwe sikuwahi kukisikia hivyo.